Mkeka Uliovaliwa Msibani

Mimi simwamini mtu mwepesi wa kulalamika. Ndiyo maana Losaline wa Auckland, kule New Zealand, alipomlalamikia wifi yangu Meliame siku ileile mzigo ulipomfikia, nilijua kuna jambo.

Meliame, mke wa kaka yangu, anasuka taovala, mikeka yetu ya kuvaa kiunoni, hapa Kolovai, katika visiwa vya Tonga. Anaiuza katika soko la mtandaoni, kwa Watonga walio ughaibuni. Losaline alifiwa na baba yake, akaagiza mkeka wa msiba, ule wa watoto wa marehemu. Kila mtu anajua ulivyo: mkubwa, wa kukwaruza, kingo zimechanikachanika, maana mbele ya baba yako mfu wewe si kitu. Meliame huzichana kingo hizo kwa mkono, polepole, na kazi hiyo humchosha kuliko kusuka. Alipoutangaza aliandika "mpya", kwa sababu ulikuwa mpya.

Losaline akapeleka picha sokoni: "Nimeuziwa mpya, umekuja umechanika." Soko likamrudishia pesa, mkeka akabaki nao, na Meliame akapewa nyota moja. Lilikuwa lalamiko la pili dhidi yake. La kwanza lilikuwa la mzigo ulionyeshewa mvua njiani. Alibakiwa na nafasi ya kujitetea; akishindwa na hili pia, duka linafungwa, na duka hilo ndilo linalolisha nyumba ya kaka yangu.

"Labda amezaliwa kule, wifi. Mila hazijui," Meliame akasema.

"Mila hazijui, lakini mkeka wa mtoto wa marehemu kajua kuuagiza?"

"Usimdhanie mtu vibaya."

"Mimi namdhania. Wewe endelea kumwombea. Na hiyo kesi anaisikiliza nani?"

"Hakuna mtu. Unaandika, mashine inajibu."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Jumamosi mazishi ya baba yake Losaline yalirushwa moja kwa moja kwenye simu. Niliiegemeza yangu kwenye kopo la nyama, nikatazama. Mungu anisamehe, sikuangalia jeneza, niliangalia viuno vya watu. Nikamwona Losaline, ameketi miguuni pa baba yake, mkeka umempanda hadi kwapani. Meliame hutumia mkono wa kushoto, kwa hiyo msuko wake wa pembeni hulala kinyume na wa wengine wote.

"Wifi, njoo. Huyu amevaa nini?"

Akainama, akatazama kwa muda mrefu. "Wangu," akasema.

Tukaipiga picha, tukaipeleka sokoni na maneno haya: kama mkeka ni mbovu, mbona ameuvaa kumzika baba yake? Nilifurahi, nikasema leo mwizi kakamatwa na ngozi mkononi. Chai haijapoa, jibu likaja: "Asante kwa ushahidi. Picha uliyotuma inaonyesha bidhaa iliyochanika. Lalamiko la mnunuzi limethibitishwa." Jioni hiyo duka likafungwa.

Nilitaka kuibandika ile picha kwenye ukurasa wa kijiji, watu wamjue. Meliame akaichukua simu mkononi mwangu.

"Anamlilia babaye pale, wifi. Siwezi kumwaibisha mtu juu ya jeneza."

Nilimkasirikia wiki nzima. Haki yake imepotea, na bado anamwekea mwizi heshima.

Msiba ulipokwisha alikuja shangazi yake Losaline, anayeishi hapa kijijini, na kikapu cha viazi vikuu. Nikakitazama kikapu, nikajua kuna linalokuja.

"Losaline atakuja nyumbani kwa harusi ya mdogo wake," akasema. "Anataka mkeka laini, mzuri. Anasema wasukaji wa kule hawakufikii."

Nilifungua mdomo. Meliame akanikanyaga mguu.

"Nitamsukia, shangazi," akasema taratibu. "Ila siupeleki posta. Aje auchukue mwenyewe, Jumapili, watu wakitoka kanisani. Na aje amevaa ule niliomuuzia."

Shangazi hakumaliza chai yake.

Harusi ilishapita. Mkeka laini bado uko juu ya kabati la Meliame, umekunjwa vizuri, na kila Jumapili tukitoka kanisani anaketi barazani kusubiri.