Misheni za Wahispania, Alhamisi Alasiri

Mwaka wa kwanza baada ya kumzika mke wangu, niliweza kumaliza siku tatu pale Agincourt, huku ughaibuni ninakoishi, bila kusema na mtu. Binti yetu anakaa Richmond Hill, mji wa jirani. Hupiga simu kila Jumapili; mimi namwuliza kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiingereza, tunaagana. Kwa hiyo nilipoona tangazo maktabani kwamba kila Alhamisi alasiri kutakuwa na mafunzo kwa wazee juu ya misheni za kale za Wahispania huko Kalifornia, nilijiandikisha. Sikuwa na haja na Wahispania. Nilitaka chumba chenye watu.

Tulikuwa saba. Mwalimu wetu alikuwa mzee aliyefanya kazi ya kukarabati majengo hayo miaka mingi. Alituonyesha picha: minara ya kengele, baraza ndefu zenye matao, ua katikati, kuta nene kiasi kwamba mtu angeweza kukaa dirishani akiwa amepandisha miguu yote. Akasema kuta zile ni za udongo uliokandwa pamoja na nyasi, ukaanikwa juani, kisha zikapakwa chokaa. Chokaa ikibanduka, mvua huzirudisha zikawa udongo tena. Nikatabasamu peke yangu. Kwetu hayo ni matofali mabichi. Nimezaliwa ndani yake.

Nikanyoosha mkono. "Nani aliukanda udongo huo?"

"Wenyeji," akasema mwalimu. "Kila misheni ilikuwa na watawa wawili hivi na askari wachache. Mwenyeji akishabatizwa, haruhusiwi kuondoka. Kengele inamwamsha, kengele inampeleka shambani, kengele inamrudisha. Akitoroka, askari wanamfuata, na akirudi anachapwa viboko. Wengi sana walikufa kwa maradhi yaliyoletwa na wageni, wakazikwa ubavuni mwa kanisa."

Halafu akaonyesha chumba chenye kidirisha kimoja, juu kabisa. Wasichana walifungiwa humo kila jioni mpaka siku ya kuolewa.

Sijawahi kufika Kalifornia, lakini hayo hayakuwa mageni kwangu. Mama yangu alilelewa na masista katika misheni ya milimani, kusini mwa Tanzania. Alitufundisha kushona na kuimba Kilatini, na alisema hakuna miaka aliyoipenda kama ile. Mara moja tu, akichambua mboga, alitaja kwamba mama yake alipofariki alinyimwa ruhusa ya kwenda kuzika. Akaruka ukuta, akarudishwa kesho yake. Hakusema alifanywa nini. Nami sikumwuliza.

Mafunzo yalipokwisha siku hiyo, nilimsimulia hayo mama aliyekaa karibu yangu, muuguzi mstaafu kutoka Ufilipino. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakuna aliyenifanyia tangu msiba.

"Wahispania walikuja kwetu pia," akasema. "Kanisa la mji wetu walilijenga babu zangu kwa kulazimishwa. Ndimo nilimobatizwa, ndimo nilimofungia ndoa. Nikiliona pichani nalia, wala sijui nalilia kanisa au nawalilia wao."

"Ukijua, niambie."

Akacheka, mpaka mwalimu akageuka kututazama.

Tangu hapo tulikaa pamoja kila Alhamisi, kisha tukasubiri basi pamoja, yeye lake, mimi langu. Jumapili moja nilipata moyo nikamweleza binti yangu habari ya bibi yake na ule ukuta. Kisha akauliza, kwa Kiswahili cha kujikwaakwaa:

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

Hapo ndipo ningesema mengi. Nikasema theluji mwaka huu imezidi. Akakubali kwamba imezidi.

Siku ya mwisho mwalimu alitushika mikono mmoja mmoja. Kituoni, yule mama akaniambia anahamia kwa mwanawe, Vancouver, upande wa pili wa nchi, wiki hiyohiyo. Nikamtakia safari njema, nikamwambia huko baridi si kali. Basi lake likaja, akapanda, na mlango ulikuwa umeshafungwa nilipokumbuka kwamba sikuomba namba yake ya simu.

Alhamisi iliyofuata nilivaa koti nikaenda maktabani vilevile. Chumba kilikuwa na watu wengine, wanafundishwa kufuma sweta. Mama mmoja akanisogezea kiti. Nikamshukuru, nikamwambia nimekosea chumba.