Reli Haina Shikamoo

Siku yangu ya kwanza kazini, muda mfupi baada ya vita vya pili vya dunia, nilivaa shati la marehemu baba nikafika stesheni kabla jua halijatoka. Nilikuwa na darasa la nne na ndoto tele. Nilitaka nijue reli ile inaishia wapi.

Stesheni yetu ilikuwa kaskazini ya Shinyanga, upande wa kwenda Songwa. Mji wenyewe ulizaliwa na kiu ya injini. Injini za moshi zilihitaji maji, pale palikuwa na kisima kizuri, basi likajengwa tangi juu ya miguu ya chuma. Tangi likaleta nyumba za gengi, yaani wale watunza reli. Gengi likaleta duka, ghala la pamba, na mgahawa wa Mama Kulwa. Kwingine kote mbuga tupu. Moshi wa garimoshi ulionekana mapema kabla hujasikia mlio.

Nilipewa kazi ya kutoa cheti cha njia. Hiyo ni karatasi ya kumwambia dereva kwamba reli ya mbele ni nyeupe, haina garimoshi jingine. Bila hiyo haruhusiwi kuendelea. Ilifungwa kwenye kitanzi cha fito. Unakiinua juu kwa mkono mmoja, dereva anapitisha mkono wake anakizoa, garimoshi likitembea.

Garimoshi la pamba likaja. Dirishani nikaona mzee wa Kisingasinga, ana kilemba na ndevu nyeupe. Sasa kwetu Usukumani, mzee humpi kitu kwa mkono mmoja, umesimama wima kama nguzo. Nikapiga goti, nikamtolea kitanzi kwa mikono miwili, kichwa chini.

Mkono wa dereva ukashika hewa.

Breki zikalia. Garimoshi likasimama kwenye mwinuko, likashindwa kuondoka kwa uzito wa pamba, ikabidi lirudi kinyumenyume mpaka stesheni.

"Kijana," dereva akauliza, kwa Kiswahili safi cha Tabora alikozaliwa, "unanipa cheti au unamposa binti yangu?"

"Mpe tu, baba!" Mama Kulwa akapaza sauti. "Adabu anayo, ng'ombe atatafuta!"

Stesheni masta, Mnyamwezi mnene, hakucheka. "Reli haina shikamoo," aliniambia. "Kesho nakujaribu mara moja. Ukikosa, unarudi kulima."

Nililia nyuma ya tangi. Mama alikuwa ameniaga mbele ya majirani wote, ningemtazamaje?

Alasiri masta akatokea bila koti. "Chukua kitanzi. Mimi ndiyo garimoshi."

Akakimbia kando ya reli, tumbo mbele, akipuliza "chufu, chufu!" Mji mzima ukatoka kutazama. Kila aliponikaribia, nilipiga goti.

"Magoti hayo!"

"Yanakataa, bwana masta. Naona kama namtukana mzee."

Akakaa juu ya robota la pamba, akihema. "Basi heshima itie mdomoni," akasema taratibu. "Mkono uachie reli."

Kesho yake nikasimama wima, mkono juu, nikapiga kelele: "Shikamoo, baba!" Kitanzi kikazolewa mkononi mwangu. Ndani ya moshi nikasikia sauti ya yule mzee: "Marahaba!"

Tuliamkiana hivyo miaka mingi, bila kukaa pamoja hata mara moja.

Siku ya safari ya mwisho ya mzee kabla hajastaafu, nikainua mkono kama kawaida. Garimoshi likapunguza mwendo, likasimama. Masta akatazama saa, halafu akageuka kutazama ghala la pamba, kama asiyeona. Mzee akashuka ngazi polepole, akaja mpaka nilipo, akatanguliza mikono yote miwili.

"Leo nipe kama mnavyopeana kwenu."

Nikapiga goti kwenye kokoto.

Nimestaafu siku nyingi. Injini za dizeli hazinywi maji, tangi limeshika kutu, mgahawa umefungwa. Reli inaishia wapi sikuwahi kwenda kuona. Lakini garimoshi likipita, hunikuta pale nimesimama wima, mkono juu, nikiamkia. Madereva vijana wa siku hizi hunijibu kwa honi tu. Nami huitikia mwenyewe, kwa niaba ya mzee: marahaba.