Jina la Kwenye Jalada

Orpah, mkutubi wa shule yetu hapa Ikonge, alikulia Tabaka. Baba yake alichonga sanamu za mawe ya sabuni, wafanyabiashara wakazibandika majina yao na kuziuza ng'ambo. Ndiyo maana hakuwa na mzaha na wanafunzi. "Ukichukua maneno ya mtu, mtaje jina. Usipomtaja, umeiba," aliwaambia kila walipoingia maktaba.

Mafunzo hayo akayaandikia kijitabu, akampa mwalimu mkuu akipitie. Muhula uliofuata kikarudi kimechapishwa, kinang'aa, na jina la mwalimu mkuu kwenye jalada. Orpah alipouliza mbele ya walimu, bwana yule akajibu, "Madam, hiyo ni kazi ya shule." Walimu wote ghafla wakaona chai yao tamu sana.

Wiki jana Sheila wa kidato cha tatu alimletea Orpah insha kuhusu wizi wa maandishi aisahihishe. Alikuwa amenukuu kijitabu kile, na chini ya ukurasa akamtaja mwandishi vizuri kabisa, kama alivyofundishwa: jina la mwalimu mkuu. Orpah akachukua kalamu nyekundu, akampa alama zote.