Renatus Ahamishia Cherehani Nyumbani

Renatus alikuwa fundi cherehani wa Kasulo. Kwa miaka mingi alishonea kwenye baraza la duka moja sokoni, akiondoka nyumbani watoto wangali wamelala na kurudi wakiwa wamelala tena. Mwaka huu upepo ulipoliezua baraza lile, alifunga cherehani kwenye baiskeli, akaipeleka nyumbani na kuiweka karibu na dirisha.

Asubuhi ya kwanza binti yake mdogo, Nice, alisimama mlangoni akimtazama.

“Shikamoo,” alisema, kwa sauti ile ya kuwasalimia wageni.

“Marahaba, mwanangu. Njoo.”

Nice akakimbilia jikoni kwa mama yake. Renatus aliendelea kushona, lakini mshono ulimwendea upande. Alijiuliza ni lini mtoto yule alijifunza kusema vizuri hivyo.

Wiki zilipita. Majirani walimtuma huku na kule kwa kuwa yupo tu nyumbani, na wateja wa mbali walipungua. Lakini Nice alianza kukaa miguuni pake, akiokota vipande vya kitenge na kumsimulia habari za kuku.

Baraza lilipoezekwa upya, mwenye duka alimpigia simu arudi. Renatus akamwambia mkewe, Ildefonsa, kwamba angekwenda siku za gulio tu.

“Wateja hawatakusubiri, baba Nice.”

“Najua.”

Kweli, baadhi walihamia kwa fundi mwingine. Renatus aliwakumbuka, akazikumbuka na soga za sokoni, lakini hakubadili neno lake.