Greda Lililoanzia Mwisho wa Barabara

Kila mwezi wa Juni, siku ya kusomwa bajeti, Fridolin alizima greda popote alipokuwa, akavua kofia na kuegesha redio juu ya tairi. Mkewe alimcheka kwamba anasikiliza bajeti kama misa. Miaka thelathini na moja ya kuendesha greda la serikali kati ya Mang'ula na Ifakara haikumwondolea mshangao uliomshika kila waziri alipotaja matrilioni. Hesabu zenyewe hakuzielewa, wala hakuona haja. Nani anaielewa milima ya Udzungwa? Mtu anaitazama tu.

Mwaka huu wa uchaguzi akasikia jambo lililomwacha mdomo wazi: matumizi yamezidi mapato, bajeti ina nakisi. Kumbe serikali nayo, pamoja na ukubwa wake wote, inapungukiwa! Alirudisha kofia kichwani taratibu.

Agosti, nakisi ikamfikia mwenyewe. Injinia Alex, kijana wa kuweza kumzaa, alimkabidhi barabara ya vumbi inayoacha lami karibu na Kiberege na kushuka bondeni kilomita kumi na nane.

"Shikamoo, mzee. Mafuta tumepewa nusu. Bajeti imebana, na kidogo kilichopo kimekimbilia kwenye uchaguzi."

"Marahaba. Nusu itanifikisha wapi?"

"Anzia lami, uishie uwanja wa mkutano. Mgombea anakuja Jumamosi, anatetea kiti chake. Huko mbele tutaona."

Fridolin aliijua hiyo "tutaona". Uchaguzi uliopita alianzia lami vilevile, mafuta yakaishia uwanjani, nusu ya njia. Nyamizi, mama wa Kisukuma anayeishi mwisho kabisa wa barabara ile, alikuja kwa miguu na kibuyu cha maziwa, akamwuliza kwao atafika lini. "Narudi, mama," alimwambia. Hakurudishwa. Masika iliyofuata, mkokoteni wa ng'ombe uliombeba binti wa Nyamizi kwenda kujifungua ulinasa kwenye tope siku nzima. Mtoto alizaliwa humo humo, na hakulia. Tangu alipoisikia habari hiyo, Fridolin hakuwa na amani. Sasa alibakiza miezi minne astaafu, na asingetumwa huko tena.

Alhamisi akalitoa greda kwenye lami na kulipitisha uwanjani bila kusimama, chuma cha kukwangulia kikiwa kimenyanyuliwa, mpaka mlangoni kwa Nyamizi. Hapo akakishusha, akaanza kurudi huku akisawazisha. Alijua kibarua kingeweza kuota nyasi. Nyamizi alilifuata greda kilomita nzima, akikanyaga udongo laini kwa miguu mitupu.

Jumamosi asubuhi mafuta yakaisha. Greda likazima palepale uwanjani, mbele ya jukwaa. Kilomita tisa za kuelekea lami hazikuguswa, na makorongo ya masika yalikuwa yamekauka huko yakawa magumu kama zege.

Mgombea alitarajiwa saa nne. Alifika saa nane, amepakiwa kwenye bodaboda, mweupe kwa vumbi mpaka kope. Gari lake lilipasuka tumbo kwenye korongo, oili yote ikamwagika.

"Hii mashine imesimama kwa nini?" akafoka.

"Mafuta, mheshimiwa," Fridolin alijibu, kofia mkononi. "Kuna nakisi."

Mheshimiwa akajitenga na simu yake. Alizungumza kwa muda usiotosha kumenya chungwa.

Kesho yake, Jumapili, watu wakitoka kanisani, pikapu ikaja inayumba na mapipa manne ya dizeli. Manne! Fridolin aliyagonga moja moja kwa kidole, yote yamejaa. Mwili ukamsisimka kuliko siku zote za matrilioni. Nakisi ya nchi nzima, aliyoitangaza waziri mbele ya bunge, imeondoka kwa simu moja ya mtu mwenye vumbi kwenye kope.

Alex alishuka kwenye pikapu amekunja uso. Kisha akaitazama barabara iliyonyooka kuelekea kwa Nyamizi, akashindwa kugomba.

"Mzee, ulijua watayaleta?"

"Sikujua, mwanangu. Nilijua tu kwamba kikibaki kipande cha kina Nyamizi, hakuna mkubwa atakayevunjia gari kule."

Alex alichukua mpira wa dizeli mwenyewe, akaanza kujaza tangi.