Mwaka Niliochagua Takwimu

Orodha ilibandikwa kwenye mlango wa bwalo, wiki moja kabla ya likizo ndefu ya kiangazi. Sisi wanachuo wa ualimu tuliosomea hesabu tulitakiwa kuchagua somo moja la likizo: aljebra, jiometri au takwimu. Aljebra na jiometri zilifundishwa palepale chuoni, kwa hiyo ukizichagua huendi kwenu. Takwimu ulikwenda nayo nyumbani: tafuta kitu, kihesabu, kipange kwenye majedwali, linganisha na idadi ya serikali, kisha rudi na daftari lako.

Mimi niliipenda aljebra, na niliiweza. Lakini nilikuwa sijaonja maziwa ya kwetu mwaka mzima, na kaka yangu alikuwa anaoa baada ya mavuno. Nikaandika takwimu. Laiti ningevunjika mkono siku ile.

Kaka alinipokea stesheni ya Shinyanga na baiskeli ya kuazima, tukaelekea kwetu, upande wa Songwa.

"Mwalimu, mbona umekonda? Huko chuoni mnakula namba?"

Nikamweleza kazi niliyopewa. Akacheka. "Hesabu kuku."

"Kuku nitampelekea nani? Nitahesabu ng'ombe wa baba."

Hapo akasimamisha baiskeli. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Mwenye zizi anawajua kwa rangi na kwa pembe, jioni akipitisha macho anajua nani hajarudi, lakini kutamka idadi ni kuwaitia kifo. Na palikuwa na sababu nyingine isiyohusu mwiko. Mtu hakuweka ng'ombe wake wote kwake. Aliwagawa kwa marafiki, naye akatunza wa wenzake, ili ugonjwa ukiingia boma moja asibaki maskini. Zizi la baba lilijaa, ila wengi hawakuwa wake. Yote hayo niliyajua, sitaki kujitetea. Niliona ni mambo ya kizamani, na mimi nilikuwa msomi, bwana.

Kaka alikubali kwa sababu alinipenda, basi. Asubuhi moja baba alipotangulia shambani, alisimama kwenye mlango wa zizi na fimbo, akawatoa mmoja mmoja, nami nyuma ya ua nikichora vijiti kwenye daftari. Madume, majike, ndama. Wakafika sitini na watatu. Nilichora jedwali kwa wino wa rangi mbili.

Siku zile serikali ilikuwa imeamuru mifugo ipunguzwe. Kila boma lilipeleka ng'ombe mnadani kwa kadiri ya idadi yake. Karani wa baraza alipopita kuuliza, baba alimjibu, "Wanafika ishirini hivi." Hakudanganya. Wake walikuwa ishirini na mmoja.

Nami, kwa kimbelembele changu, nikaenda kwa karani huyohuyo kutafuta idadi ya serikali ya kulinganisha na yangu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwalimu."

Nikamweleza shida yangu, nikamfungulia daftari. Alilitazama jedwali kwa muda mrefu. "Kazi safi hii," akasema. "Hebu niazime siku mbili." Nikamwazima! Nikarudi nyumbani kichwa kimevimba kwa sifa.

Wiki iliyofuata tarishi wa baraza alileta amri: boma letu litoe ng'ombe kumi na wawili. Baba angeweza kusema kuwa wengi si wake. Lakini angeulizwa ni wa nani, na rafiki zake wangefuatwa mmoja mmoja hadi kwao. Hakusema. Na ng'ombe wa amana hauzwi. Kwa hiyo kumi na wawili wote walitoka katika wale wake ishirini na mmoja. Mahari ya kaka ilikuwa ng'ombe kumi na watano, na walikuwa wamekwisha kuteuliwa.

Baba aliniita nje. "Ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

Nilingoja fimbo. Afadhali angenipiga. Alinipa kamba ya jike mwekundu nimfikishe mnadani, akatembea mbele yangu njia nzima bila kugeuka.

Alirudi na noti ndani ya kitambaa. Alizipeleka kwa baba wa mchumba, naye akazirudisha kwa heshima. "Noti hazikamuliwi," alisema. Wazazi wa mchumba walingoja msimu mmoja, kisha binti akaolewa Ushirombo. Kaka akafunga blanketi lake akaenda Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, kutafuta fedha za ng'ombe wa kuolea mchumba mwingine. Njiani alipita chuoni kuniaga, akaniwekea mkono begani. "Ungehesabu kuku, mwalimu," akasema, na akacheka kweli. Kicheko kile kiliniumiza kuliko ukimya wa baba.

Katika takwimu nilikuwa wa kwanza. Mkufunzi aliandika kwa wino mwekundu kuwa kazi yangu ni mfano kwa wenzangu. Likizo iliyofuata nilichagua jiometri nikabaki chuoni, si kwa kuipenda, bali kwa kuogopa kwenda nyumbani.

Kaka alikaa Geita miaka mingi. Mahari haikutimia, na vumbi la machimboni likamwingia kifuani. Sasa anaishi chumba cha uani kwangu, hapa Ngokolo, hana mke wala mtoto. Hajanilaumu hata mara moja. Ila nikirudi kutoka shule jioni namkuta amekaa mlangoni pake, anakohoa, anasubiri nifunge baiskeli.

"Mwalimu, leo mmehesabu nini?"

"Maembe, kaka. Maembe ya kitabuni."

"Vizuri," anasema. "Na idadi yake umemwonyesha nani?"

"Sijamwonyesha mtu, kaka."