Kipigo Kilichompa Baba Jina

Harufu ya utomvu wa mgomba uliokatwa hunirudisha kwetu Kisondela, msimu wa mvua ambao baba yangu aliingia kwenye uigizaji. Tata, kama tulivyomwita, alikuwa mkulima wa ndizi, lakini kijana mmoja wa Tukuyu alinunua kamera, akamwambia ana sura ya mwizi anayemtafuta kwa filamu yake. Mtu mwingine angenuna. Baba alitembea kifua mbele wiki nzima. Filamu haikuwa na mfadhili. Majirani walicheza kwa kuahidiwa wali na nyama, na fimbo zao za kumchapia mwizi zilikuwa mabua ya majani ya mgomba, mazito kwa maji lakini laini, yanayopasuka kwa kishindo bila kumuumiza mtu.

Baba alipakwa masizi usoni, akakimbia na kuku kwapani. Mama Tabu, jirani aliyeigiza mwenye kuku, akaambiwa apige yowe. Hapo ndipo akili zetu sote zilipolala. Kwetu yowe halina mchezo: ukilisikia unaacha chungu motoni, unashika kilicho karibu na kukimbilia linakotoka. Majirani walijua habari za filamu, ila hakuna aliyewakumbuka watu wa ng'ambo ya mto. Walipanda mlima na mipini ya majembe na mapanga, wakamkuta mwizi amelala matopeni anachapwa mabua. Wakaona anadekezwa.

"Mwizi mnampiga na majani?" mmoja alifoka, na mpini ukamshukia baba sikioni. Nilisikia mfupa ukilia. Wa pili akamkanyaga mbavu, wa tatu akainua panga. Mwenye kamera alipaza sauti kwamba ni filamu, lakini zogo lilimmeza. Mimi, binti wa miaka tisa, nilijitupa juu ya kifua cha baba nikipiga kelele, "Tata! Mnamuua tata wangu!" Panga likabaki hewani. Aliyelishika akainama, akamfuta baba masizi kwa kiganja, akamtambua: walikuwa wakiimba kwaya moja kanisani. Aliketi kwenye matope yenye damu, akalia kuliko mimi.

Kamera haikuzimwa. Baba akiwa bado hospitali, filamu ilitoka na kipigo chote ndani, na watu wa vibanda vya video wakashangilia. Waongozaji wa Mbeya wakamtafuta. Kwa miaka mingi walimpiga kwenye filamu zao, akicheza mwizi, mlevi, mchawi. Kila mara alitangulia mwenyewe kwenda vijiji vya jirani kutoa taarifa. Mvi zilipoota wakampa nafasi za mzee wa kanisa, na sasa anacheza hakimu, amekaa kitini, hakuna wa kumgusa. Sikio la kushoto halisikii kitu.

Zamani yowe lilileta mipini. Siku hizi watu hutoa simu kwanza. Juzi pale Tukuyu, kijana wa bodaboda alinionyesha kipande kile kile, kinazunguka mitandaoni. "Dada, mcheki huyu mzee, anaigiza kinoma," alisema. "Ila huyu mtoto anayelia ndiye kiboko."

Nilimwambia mtoto yule hakuwa akiigiza. Akacheka, akakirudisha mwanzo.